UCHAMBUZI: Mitambo ya kidijitali haitaokoa kiwanda kisichojua hasara yake

WENYE viwanda nchini wamekuwa wakihimizwa kila uchao wakumbatie teknolojia ya kidijitali ili wasiachwe nyuma na washindani wao wa Asia na Ulaya. Katika makongamano mengi, roboti, vihisi na akili unde hutajwa kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa unaoisumbua sekta hiyo.

Lakini kuna swali ambalo huulizwa kwa nadra: Je, kiwanda kinachonuia kununua mitambo hiyo kinajua ni wapi kinapopoteza malighafi, maji, kawi na wakati wa wafanyakazi wake? Kisipojua, mtambo mpya utaharakisha upotevu uleule wa zamani, tena kwa mkopo wenye riba.

Swali hili ni zito kwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mchango wa viwanda katika pato la taifa ulikadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 10. Mnamo Desemba 2017 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilitangaza Ajenda Nne Kuu, mojawapo ikiwa ni kuinua mchango huo hadi asilimia 15 kufikia mwaka 2022. Lengo hilo halikutimia. Kufikia mwaka 2023, mchango ulikuwa umeshuka hadi chini ya asilimia 8.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hoja ya makala haya ni kwamba thamani kubwa ya teknolojia ya kidijitali kwa viwanda vyetu, angalau kwa sasa, ni kuwa daftari hilo. Roboti zinaweza kungoja zamu yao.

Mikondo mitatu

Mjadala kuhusu viwanda vya kisasa umetokana na mikondo mitatu ya fikra iliyozaliwa nyakati tofauti na katika nchi tofauti.

Wa kwanza ni uzalishaji usio na upotevu, uliokuzwa na kampuni ya Toyota nchini Japani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mhandisi Taiichi Ohno alizigawa hasara za kiwandani katika mafungu saba: kuzalisha kupita mahitaji, kungoja, kusafirisha vitu bila sababu, kufanya kazi ya ziada isiyohitajika, kurundika akiba, kuhangaika huku na kule, na kutengeneza bidhaa zenye kasoro.

Kwa Kijapani, hasara hizo huitwa kwa neno moja: muda. Ni sadfa tu kwamba Mswahili akilisikia neno hilo huelewa wakati. Hata hivyo, sadfa hiyo ina funzo, kwani hasara nyingi alizoorodhesha Ohno ni wakati uliopotea ukajificha ndani ya rundo la bidhaa, foleni ya malori au mashine inayozunguka bila kazi.

Mkondo wa pili ni uzalishaji safi, ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake papa hapa Nairobi, lilianza kuupigia debe mwaka 1989. Kiini chake ni kwamba ni nafuu kuzuia uchafu usizaliwe kuliko kuusafisha baada ya kuzaliwa. Moshi unaotoka kwenye dohani ni kuni iliyonunuliwa ikakosa kuwa joto. Maji machafu mtoni ni malighafi iliyolipiwa ikamwagwa. Kenya ilianzisha Kituo cha Kitaifa cha Uzalishaji Safi mwaka 2000.

Mkondo wa tatu ndio mchanga zaidi. Mnamo 2011, katika maonyesho ya viwanda ya Hannover, Ujerumani iliutangazia ulimwengu mpango wake wa mapinduzi ya nne ya viwanda. Katika mpango huo, mashine huunganishwa kwa mtandao, hupimwa kila sekunde na kuelekezwa na programu za tarakilishi.

Kwa muda mrefu mikondo hii ilishughulikiwa na watu tofauti. Uzalishaji usio na upotevu uliachiwa mameneja wa uzalishaji, usafi ukawa jukumu la maafisa wa mazingira, nao udijitali ukawa mali ya wataalamu wa tarakilishi. Kila kundi lilikuwa na bajeti yake na semina zake, ilhali hasara wanayoiwinda ni moja.

Funzo la Fremont

Anayeshuku kwamba mpangilio hutangulia mtambo na azuru historia ya jengo moja mjini Fremont, katika jimbo la California, Marekani.

Kampuni ya General Motors ilikifunga kiwanda chake hapo mwaka 1982 kwa sababu ya migogoro ya kikazi na magari yenye kasoro nyingi. Mnamo 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikapewa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa awali, na mitambo haikuwa ya kustaajabisha. Kilichobadilika ni utaratibu: kila mfanyakazi aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha kazi alipoona kasoro. Baada ya muda mfupi, magari yake yakaanza kulinganishwa kwa ubora na yale yaliyoundwa Japani kwenyewe.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980, General Motors ilikuwa ikimwaga mabilioni ya dola katika roboti kwenye viwanda vyake vingine. Katika kiwanda kimoja kipya huko Michigan, iliripotiwa kuwa roboti za kupaka rangi zilipakana zenyewe badala ya kuyapaka magari. Sehemu yake katika soko la Marekani iliendelea kupungua.

NUMMI ilifungwa mwaka 2010, na jengo hilo likanunuliwa na Tesla. Mnamo Aprili 2018, mkuu wa Tesla, Elon Musk, alikiri hadharani kwamba kampuni yake ilikosea kwa kutegemea roboti kupita kiasi katika uundaji wa gari la Model 3, na kwamba uwezo wa binadamu ulikuwa umedunishwa. Mtandao tata wa mikanda ya kusafirisha vipuri uliondolewa, na Juni mwaka huo magari yakawa yanaunganishwa chini ya hema kubwa nje ya jengo.

Tesla haikuziacha roboti. Ilizirejesha pale zilipofaa baada ya kuielewa kazi yenyewe. Jengo moja, vizazi viwili, somo moja.

Wala si kweli kwamba wahenga wa Toyota waliichukia mashine yenye akili. Mtambo wa kufuma nguo wa Sakichi Toyoda, uliokamilishwa mwaka 1924, ulisimama wenyewe uzi ulipokatika. Haukuendelea kufuma kitambaa kibovu huku ukingoja mtu auone. Huo ulikuwa udijitali kabla ya udijitali: mashine iliyojua kwamba inapoteza.

Chai inavyosimulia kisa chetu

Funzo hilo linaihusu Kenya moja kwa moja, na hakuna mahali linapoonekana wazi zaidi ya kiwanda cha majanichai. Kenya ni ya tatu ulimwenguni kwa uzalishaji wa chai baada ya China na India, na inaongoza kwa kuuza chai nyeusi ng’ambo. Mnamo 2024 ilizalisha karibu kilo milioni 600.

Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 hupeleka majani yao katika viwanda vipatavyo 70 vinavyosimamiwa na Shirika la Ustawi wa Majanichai (KTDA). Viwanda hivyo ni mali ya wakulima wenyewe kupitia hisa. Kwa hivyo, kila gunia la kuni linalochomwa bure hutoka katika bonasi ya mkulima.

Mnamo Oktoba 2025 wakulima wa maeneo mengi, hasa magharibi mwa Bonde la Ufa, walilalamikia kupungua kwa bonasi. Bei katika mnada wa Mombasa na thamani ya shilingi dhidi ya dola si mambo anayoweza mkulima kuyaamua. Gharama ya kiwanda chake ni jambo lililo karibu zaidi na mikono yake.

Kazi ya kiwanda cha chai, tukiitazama kwa jicho la mhandisi, ni kuondoa maji. Chukua kilo 100 za majani mabichi yenye asilimia 77 ya maji. Chai inayouzwa huwa na takriban asilimia 3 ya unyevu, kumaanisha kwamba kilo 100 hizo hutoa chini kidogo ya kilo 24 za chai. Kilo 76 zilizosalia ni maji ambayo lazima yatolewe kwa hewa na joto.

Maji hayo hutoka kwa hatua mbili. Kwanza majani hutandazwa kwenye vitanda virefu na kupulizwa hewa kutoka chini ili yanyauke, shughuli inayoweza kuchukua saa 12 hadi 18. Baada ya kukatwa na kuchachushwa, huingia katika mashine za kukaushia zinazotumia joto la mvuke, na mvuke huo hutoka katika boila inayochoma kuni.

Sasa tufanye hesabu. Iwapo majani yatanyauka hadi yabaki na asilimia 70 ya maji, mashine ya kukaushia italazimika kuondoa takriban kilo 53 za maji kutoka kwa kilo zetu 100 za mwanzo. Iwapo yatatolewa mapema yakiwa na asilimia 72, itaondoa zaidi ya kilo 58. Tofauti ya alama mbili tu, ambayo mkono wa mfanyakazi mchovu usiku wa manane hauwezi kuihisi, huiongezea mashine hiyo kazi kwa takriban asilimia 10.

Hapa ndipo kihisi kidogo cha unyevu, chenye bei isiyokaribia hata kidogo ile ya roboti, huonyesha thamani yake. Hakimwondoi mfanyakazi kazini. Humwambia jambo ambalo vidole vyake havingeweza kumwambia, naye huamua.

Mfano mwingine ni feni za kunyausha. Kanuni za fizikia zaonyesha kwamba kasi ya feni ikipunguzwa kwa asilimia 20, umeme inaotumia hushuka hadi karibu nusu. Ilhali feni nyingi za mtindo wa zamani hujua mambo mawili pekee: kuzunguka kwa nguvu zote au kuzimwa. Kifaa cha kudhibiti kasi kikiunganishwa na kihisi cha unyevu, hewa hupulizwa kwa kadiri majani yanavyohitaji. Udijitali, uokoaji wa kawi na uondoaji wa upotevu hukutana katika kitanda kimoja cha majani.

Kibanda kabla ya tarakilishi

Hata hivyo, si kila dawa ni ya kidijitali. Kilo moja ya kuni mbichi, ambayo nusu ya uzani wake ni maji, hutoa takriban megajuli 8 za joto. Kuni hiyo ikikauka hadi unyevu wa asilimia 20, kila kilo hutoa zaidi ya megajuli 14. Kiwanda kinachochoma kuni mbichi huwa kinatumia moto kuchemsha maji ya mti kabla ya kuchemsha maji ya boila.

Dawa ya hasara hiyo ni kibanda chenye paa, hewa ya kutosha na subira ya miezi kadhaa. Ni upuzi kufunga programu ya kuongoza boila ilhali kuni zinanyeshewa uani. Baada ya kuni kukauka, ndipo kihisi cha kupima hewa inayotoka kwenye dohani kitakapokuwa na maana, kwa sababu kitapima moto unaostahili kupimwa.

Kadhalika, mabomba ya mvuke yasiyofunikwa, vali zinazovuja na matundu kwenye mabomba ya hewa iliyoshindiliwa huhitaji fundi mwenye spana. Tundu la milimita 3 katika bomba la hewa yenye mgandamizo wa kawaida wa kiwandani laweza kupoteza kilowati 3 hadi 4 za umeme, usiku na mchana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni bili ya umeme.

Suala la misitu pia limo. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na vyanzo safi kama vile mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hivyo basi, katika kiwanda cha chai uchafuzi mkubwa uko kwenye boila, wala si kwenye waya wa umeme. Meneja anayepima umeme pekee kwa sababu mita yake ndiyo rahisi kuisoma atakuwa ameufungia mlango mwizi mdogo na kumwachia mkubwa dirisha.

Foleni ya malori ni hasara nyingine iliyojificha. Katika vituo vya kununulia majani, mizani ya kielektroniki imechukua nafasi ya mizani ya kamani, na kilo za mkulima huingia katika kumbukumbu papo hapo. Takwimu hizo zaweza kufanya zaidi ya kumlipa mkulima. Zikitumiwa kupanga safari za malori, majani hayatakaa kwa saa nyingi yakipata joto ndani ya magunia na kuharibika kabla hayajafika kiwandani. Hiyo ndiyo 'muda' kwa Kijapani na kwa Kiswahili pia.

Hofu ya mfanyakazi

Wanaopinga mitambo wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mnamo Mei 2023, waandamanaji mjini Kericho waliteketeza mashine kadhaa za kuchuma majanichai wakilalamika kwamba zimewapokonya vijana na akina mama riziki. Uharibifu wa mali hauwezi kutetewa. Lakini atakayedhani kwamba walioshika viberiti hawakuielewa teknolojia atakuwa amekosea, kwani waliielewa vyema: walijua ni nani atakayefaidi na ni nani atakayelala njaa.

Kuna tofauti kubwa kati ya teknolojia inayomtafuta mtu wa kuondolewa na teknolojia inayoitafuta hasara ya kuondolewa. Ya kwanza hupunguza mshahara. Ya pili hupunguza kuni, maji na majani yaliyoharibika. Katika nchi yenye vijana wengi wasio na ajira na yenye kawi ghali, ni wazi ni ipi ingepaswa kutangulia.

Aidha, mchoma kuni aliyefanya kazi kando ya boila kwa miaka 20 ana elimu ambayo haimo katika programu yoyote. Anajua sauti ya moto unaozidiwa na rangi ya moshi unaoashiria kasoro. Kiwanda kitakachomwonyesha takwimu za vihisi na kumuuliza maana yake kitapata faida maradufu. Kitakachozifungia takwimu hizo katika ofisi ya meneja, au kuzitumia kuhesabu dakika anazokwenda msalani, kitakuwa kimenunua ugomvi.

Wengine watasema kwamba haya ni ya viwanda vikubwa, na fundi wa jua kali wa Gikomba au Kamukunji hana uwezo huo. Ukweli ni kwamba mita ya kupima umeme wa mashine moja na simu ya rununu vyatosha kuanzia. Fundi atakayegundua kwamba mashine yake ya kuchomelea hula umeme hata anapopumzika atakuwa ameshaanza safari bila kuhudhuria kongamano lolote.

Serikali ifanye nini

Kenya haikukosa sheria. Kanuni za usimamizi wa kawi za mwaka 2012 zilivitaka viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 za kawi kwa mwaka kufanya ukaguzi wa matumizi kila baada ya miaka mitatu, na kutekeleza hatua za kuokoa angalau nusu ya kawi ambayo wakaguzi walionyesha inaweza kuokolewa. Udhaifu wa ukaguzi wa aina hiyo ni kwamba hupiga picha moja kila baada ya miaka mitatu, ilhali hasara huzaliwa kila usiku.

Vihisi vya bei nafuu vinaweza kuigeuza picha hiyo kuwa filamu. Badala ya ripoti nene inayofungiwa kabatini, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ingeweza kupokea takwimu za kila mwezi kutoka kwa viwanda vyenyewe, na kuvipunguzia mzigo wa ukaguzi vile vinavyoonyesha maendeleo.

Pili, vituo vilivyoundwa kwa nyakati tofauti vinapaswa kuketi meza moja. Kituo cha Uzalishaji Safi, Kituo cha Kitaifa cha Tija na Ushindani, Chama cha Watengenezaji Bidhaa (KAM) na vyuo vikuu vya kiufundi vyote hukishauri kiwanda kilekile. Mwenye kiwanda angehitaji mshauri mmoja anayeiona hasara nzima.

Tatu, vifaa vyenyewe visiwe chanzo kipya cha uchafu. Kila kihisi kina betri, na kila tarakilishi itazeeka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka msingi wa kuwawajibisha wanaoleta bidhaa sokoni. Isimamiwe, ama sivyo tutaondoa moshi Kericho na kurundika betri Dandora.

Nne, wakulima wanaomiliki viwanda waonyeshwe hesabu. Kiwanda kinachotumia fedha zao kununua mtambo kingepaswa kuwaeleza katika mkutano mkuu wa mwaka ni kilo ngapi za kuni zilitumika kwa kila kilo ya chai kabla ya mtambo huo, na ni ngapi baada yake. Takwimu hiyo moja, ikiandikwa ubaoni kwenye lango la kiwanda, ingewafaa kuliko hotuba nyingi.

Kampuni za kuuza mitambo zitaendelea kubisha hodi, na nyingine zina bidhaa nzuri. Kabla ya kutia saini, mwenye kiwanda na aulize: Ni hasara gani mtambo huu unaondoa, kiasi gani, na nimeipimaje? Asipokuwa na jibu, basi hana haja ya mtambo bado. Ana haja ya mita, kalamu na siku 30 za kuandika.